Kuponya na kuuguza: majeraha makubwa katika michezo ya uhusika

Jumamosi moja ya msimu wa mvua tulikuwa watu watano katika chumba kimoja cha home, hapa Lubumbashi. Umeme ulikuwa umekatika, na tulikuwa tumeweka simu juu ya ndoo ili itumulike. Mwenzetu mmoja akatia mkono katika kikombe, akachomoa kikaratasi namba 3. Kikombe hicho ndicho dadu letu. Hatuna dadu la pande 20, kwa hiyo tunaandika namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi, tunavikoroga na kuchomoa kimoja. Mimi nilikuwa msimamizi wa mchezo. Nilitazama jedwali, nikaliona jibu, nikakosa la kusema. Namba 3 maana yake ni kwamba mhusika amepoteza mguu au wayo. Na mwenzetu aliyeichomoa anatembea kwa fimbo tangu alipopata ajali ya moto.

Makala haya yanaeleza jinsi michezo ya uhusika inavyoshughulikia majeraha makubwa na kupona. Nimeyaandika kwa sababu mbili. Kwanza, wanafunzi wengi wa kitivo wananiuliza mchezo huu ni nini na unahusiana vipi na lugha. Pili, usiku ule ulinifundisha kwamba kanuni nilizokuwa nikizitafsiri kama zoezi la msamiati zinagusa mambo ambayo watu wanayabeba mwilini.

Mchezo wenyewe

Kwa wasioujua: mchezo wa uhusika, au jeu de rôle, ni hadithi inayosimuliwa na watu kadhaa kwa pamoja. Kila mchezaji ana mhusika wake na anasema mhusika huyo anafanya nini. Msimamizi anaeleza dunia, maadui na watu wengine wote. Jambo likiwa na shaka, kwa mfano kuruka mto au kumpiga adui, dadu ndilo linaloamua. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Sisi tunatumia toleo lake la mwaka 2014 katika Kifaransa, na mezani tunasema Kiswahili. Kwa hiyo kila kanuni inapita lugha tatu kabla ya kufika kwetu: iliandikwa kwa Kiingereza, tunaisoma kwa Kifaransa, tunaicheza kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa isimu hawezi kuketi hapo bila kuchukua daftari.

Pointi zinapima nini?

Katika mchezo huu kila mhusika ana idadi fulani ya pointi. Akipigwa, zinapungua. Akitibiwa au akipumzika, zinarudi. Zikifika 0, anaanguka. Kiingereza kinaziita "hit points", yaani pointi za kupigwa. Kifaransa kinaziita "points de vie", pointi za uhai. Hizi si tafsiri mbili za wazo moja. Jina la Kiingereza linahesabu mapigo ambayo mtu anaweza kuyavumilia. Jina la Kifaransa linatuambia kwamba kitu kinachopungua ni maisha yenyewe.

Arneson alieleza kwamba wazo hili alilitoa katika kanuni za michezo ya vita vya meli. Asili hiyo inaeleza mengi. Meli iliyopigwa mara tano bado inaelea na mizinga yake bado inafyatua, mpaka pigo la mwisho liizamishe. Ndivyo alivyo mhusika wetu. Mwenye pointi 30 na mwenye pointi 1 wanakimbia sawa, wanapiga sawa, wanapanda ukuta sawa. Tofauti inaonekana kwenye 0 tu. Gygax mwenyewe, katika mwongozo wa mwaka 1979, alieleza kwamba pointi hizi si nyama na mifupa peke yake, bali pia ustadi, bahati na uwezo wa kukwepa. Kwa maelezo hayo, anayepoteza pointi 10 huenda hata hajatoka damu. Amechoka, au bahati yake imepungua.

Kwa Kiswahili tulianza na "pointi za maisha", tafsiri ya moja kwa moja kutoka Kifaransa. Baadaye tukachagua "uzima". Mtu mzima kwa maana moja ni mtu aliye hai. Kwa maana nyingine ni mtu asiye na upungufu, kama tunavyosema mkate mzima au siku nzima. Neno hili lilitupendeza kwa sababu linabeba wazo la kanuni vizuri: anayesimama bado ni mzima. Lakini hapo hapo limeficha swali. Je, aliye hai lakini amekatwa mguu, ni mzima au si mzima? Kanuni za msingi haziulizi swali hilo, na neno letu pia halikutulazimisha tuliulize.

Kupona mara mbili

Tutazame sasa kinachotokea uzima unapofika 0. Katika toleo la 2014 mhusika anazimia. Kila zamu yake anatupa dadu la pande 20. Akipata 10 au zaidi, amefaulu mara moja; chini ya hapo, ameshindwa mara moja. Akifaulu mara 3 kabla ya kushindwa mara 3, hali yake inatulia. Akishindwa mara 3, amekufa. Akipata 1, inahesabiwa kushindwa mara 2. Akipata 20, anaamka na pointi 1. Mwenzake pia anaweza kumkimbilia na kumtuliza, kwa kufaulu jaribio la utabibu la ugumu wa 10.

Aliyetulia hafi tena, lakini bado amelala chini na uzima wake ni 0. Kanuni zinatenganisha hatua mbili: kutoka katika hatari ya kifo, na kurudishiwa nguvu. Kiswahili chetu kinaziunganisha. Kitenzi "kupona" kinataja zote mbili. "Amepona ajali" maana yake hakufa. "Amepona homa" maana yake homa imekwisha. Nilipoandika kwenye daftari langu kwamba mhusika aliyefaulu mara 3 "amepona", wachezaji walidhani anaweza kusimama na kupigana. Nilibadilisha nikaandika "ametulia", na vurugu ikaisha.

Wakati huo niliona ni tatizo dogo la istilahi. Mwenzetu mwenye fimbo ndiye aliyenionyesha ukubwa wake. Tulipokuwa tukibishana juu ya neno hilo, alisema kwa Kiswahili cha hapa kwetu, nami ninamnukuu kwa ruhusa yake: "Kila mutu ananiulizaka: ulipona? Ndiyo, nilipona, sikufa. Lakini muguu haiyapona." Kwa muda wote huo watu wamekuwa wakimuuliza swali moja lenye maana mbili, naye akitoa jibu moja ili asiwachoshe.

Jeraha linalobaki

Kwa kuwa pointi hazionyeshi mguu wala jicho, watunzi wengi walitafuta njia nyingine. Nitataja nne tu.

Njia ya kwanza ni kugawanya mwili. RuneQuest ya mwaka 1978 iliupa mwili wa binadamu sehemu 7: kichwa, kifua, tumbo, mikono miwili na miguu miwili. Kila sehemu ina pointi zake. Mkono ukiisha pointi, upanga unaanguka, hata kama mwenye mkono bado ana nguvu kwingine.

Njia ya pili ni kuongeza jedwali la majeraha. Warhammer ya mwaka 1986 inamwacha mhusika apoteze pointi zake kwanza. Zikiisha, kila pigo linapelekwa kwenye jedwali linaloeleza nini kimevunjika au kimekatwa, kulingana na sehemu iliyopigwa. Ili wachezaji wasife kila wiki, iliwapa pia pointi chache za majaliwa zinazomwokoa mtu asife.

Njia ya tatu ni kutumia maneno badala ya namba. Vampire ya mwaka 1991 ina ngazi 7 za hali ya mwili, kuanzia aliyechubuka hadi asiyejiweza kabisa. Nilijaribu kuzitafsiri zote. Mwanzo na mwisho ni rahisi: amechubuka, na huko mwisho yu mahututi. Katikati nilikwama, kwa sababu Kiingereza kinapanga maneno matatu yanayofuatana pale ambapo mimi nina "ameumia" na "amejeruhiwa" tu. Upande mwingine, Kiswahili kina tofauti ambayo ngazi zile hazina. Jeraha ni la pigo au chuma. Kidonda ni kile kilicho wazi, kinachotoa maji, kinachohitaji kusafishwa. Jeraha lisipotunzwa linakuwa kidonda, na kidonda kisichosikia dawa kinaitwa donda ndugu. Hizo pia ni ngazi, lakini zinapanda kwa siku zinazopita bila kuhesabu ukubwa wa pigo.

Njia ya nne ndiyo iliyonishangaza zaidi kama mwanafunzi wa lugha. Katika Fate Core ya mwaka 2013, jeraha ni fungu la maneno ambalo wachezaji wanaliandika kwenye karatasi ya mhusika, kwa mfano "mguu umevunjika". Maneno hayo yakiwa pale, yeyote anaweza kuyatumia dhidi yake. Ili aanze kupona, lazima kwanza mtu amtibu, na matibabu yakifaulu jeraha linapewa jina jipya, kwa mfano "mguu umefungwa plasta". Jeraha dogo linafutwa baada ya tukio moja, la kati baada ya kikao kizima, na kubwa baada ya hadithi nzima kufika mwisho. Hapo kupona ni safari ya majina. Mgonjwa anatoka katika jina moja na kuingia katika lingine, na majina yanaisha taratibu.

Dungeons & Dragons yenyewe, katika mwongozo wa msimamizi wa mwaka 2014, inatoa jedwali la hiari la majeraha yanayobaki. Ndilo nililokuwa nalo usiku ule. Mhusika akianguka kwenye 0 bila kufa, msimamizi anaweza kumtaka atupe dadu la pande 20. Namba 1 ni jicho, 2 ni mkono, 3 ni mguu, 4 ni kuchechemea. Zinafuata majeraha ya ndani, mbavu zilizovunjika, makovu, na kidonda kinachooza. Aliyepoteza mguu, mwendo wake unapungua kwa nusu, na hawezi kutembea bila fimbo au gongo mpaka apate mguu wa bandia. Nilipoisomea meza sentensi hiyo ya fimbo, sikujua nitazame wapi.

Kuponya si kuuguza

Mchezaji wa pili, ambaye mhusika wake ni munganga, alisema haraka: "Haina neno, nitamuponya." (Tunamwita munganga kwa sababu katika mji wetu neno hilo ni la mtu anayekutibu, hata akiwa na koti jeupe hospitalini, msomaji wa pwani huenda akamwona mtu wa mizizi na hirizi. Nguvu zake tunaziita uganga, kwa kuwa "uchawi" ni neno ambalo hapa linaweza kumfukuzisha mtoto nyumbani.) Nilimweleza kwamba kanuni haimruhusu. Uganga wa kurudisha kiungo upo, nao unakiotesha kwa dakika 2, lakini ni wa daraja la 7, na munganga haufikii kabla ya kiwango cha 13. Wetu alikuwa wa kiwango cha 3.

Hapa ndipo penye tatizo kubwa la majeraha katika mchezo huu. Mwaka 1979 aliyejeruhiwa alirudishiwa pointi 1 kwa kila siku ya mapumziko, na wiki 4 za mapumziko mfululizo zilimrudishia zote. Katika toleo la 2014, usingizi wa saa 8 unarudisha uzima wote. Asubuhi hakuna aliyeumia. Zaidi ya hapo, munganga anagusa na jeraha linafunga. Watunzi hawakukosea: mtu anayekutana na wenzake saa 3 kwa wiki hataki kuzitumia amelala kitandani. Lakini matokeo yake ni kwamba mchezo umejaa kuponya na umekosa kuuguza.

Tuangalie umbo la vitenzi hivi. Kutoka "pona" tunapata "ponya", yaani kumfanya mtu apone. Huo ni usababishi wa kawaida. Kutoka "ugua" tunapata "uguza". Kwa umbo nacho ni kitenzi cha kusababisha, na tungefuata kanuni bila kufikiri, kuuguza kungekuwa kumfanya mtu augue. Sivyo. Kuuguza ni kumtunza anayeugua: kumwosha, kumlisha, kumgeuza, kukesha naye. Kama nikijaribu kueleza, ningesema anayeuguza hasababishi ugonjwa. Anausindikiza, yuko pamoja na mgonjwa ndani ya kuugua kwake. Kuponya kunakwisha mara moja na kuna matokeo. Kuuguza kunachukua siku, na mtu anaweza kuuguza vizuri sana na mgonjwa asipone.

Katika jedwali lile nilikuta kanuni moja tu ya kuuguza, na iko kwenye kidonda kinachooza, ambacho sisi tunakiita donda ndugu. Kila baada ya saa 24 kikomo cha uzima wa mgonjwa kinapungua kwa 1. Kikifika 0, amekufa. Uganga unaweza kukiondoa mara moja. Lakini pasipo uganga, mtu anaweza kumtunza mgonjwa kila siku kwa jaribio la utabibu la ugumu wa 15, na akifaulu mara 10, kidonda kinapona.

Tulichokubaliana mezani

Nilifanya kosa usiku ule. Kabla ya kuleta jedwali la viungo kukatwa, nilipaswa kuuliza kila mchezaji kama yuko tayari nalo. Sikuuliza. Nilisimamisha mchezo, nikamwambia mwenzetu kwamba tunaweza kuchomoa kikaratasi kingine, au kulitupa jedwali lote. Alifikiri kidogo, akasema mhusika wake, mwizi anayeitwa Kabundi kama yule mjanja wa hadithi za Waluba, abaki bila mguu. Aliongeza sharti moja: asiponywe haraka.

Tuliunganisha kanuni mbili. Mguu wa Kabundi ulikuwa umekatwa, na jeraha lake tukalihesabu kuwa donda ndugu. Munganga alikuwa ametumia uganga wake wote katika vita, na siku zilizofuata mchezaji wake mwenyewe alikataa kuutumia kwenye jeraha hilo. Kila asubuhi ya hadithi mmoja wetu alisema anafanya nini, kisha akachomoa kikaratasi. Mmoja alichemsha maji. Mwingine alipika uji na kuchukua zamu ya usiku. Mwenye shujaa wa upanga, ambaye hajui utabibu hata kidogo, aliomba naye ajaribu, akashindwa mara mbili, akaendelea kuomba. Kufaulu mara 10 kulitugharimu siku 16, na kikomo cha Kabundi kilishuka kutoka 24 hadi 8. Hatukupigana na joka hata moja katika kikao kile, na hakuna aliyeshika simu.

Tangu hapo meza yetu ina desturi nne, nazo ninazipendekeza kwa yeyote atakayeanzisha kundi lake:

1. Kabla ya hadithi kuanza, kila mtu anasema ni majeraha gani hataki kuyasikia, na hakuna anayeuliza kwa nini.

2. Jeraha linalobaki linaingia kwa ridhaa ya mchezaji. Dadu linapendekeza, mwenye mhusika anakubali au anakataa.

3. "Kutulia", "kuponywa" na "kupona" ni maneno matatu tofauti, na msimamizi asiyachanganye.

4. Jeraha kubwa liwape kazi walio wazima. Kama anayeumia ndiye peke yake anayepoteza zamu, kanuni imemwadhibu tu. Kama wenzake wana jambo la kufanya kila siku, imewapa wote hadithi.

Tulipokuwa tukikusanya vikaratasi, mwenzetu alikaa kimya kwa muda, kisha akasema: "Mama alifanya ile kazi miezi tatu hospitali. Hakuna mutu alimuuliza kama yeye alipona." Hatukumjibu. Tulimsindikiza mpaka chumbani kwake, kwa sababu ngazi za home hazina taa.

Kabundi sasa ana mguu wa mti na bado anaiba. Daftari langu la istilahi limefika maneno 140, na liko wazi kwa mwanafunzi yeyote anayetaka kuliona. Kwa walimu wetu nina swali moja la kweli, kwa sababu bado linatugawa mezani: je, kipo Kiswahili cha neno moja la mtu ambaye hakufa, hajapona, na ameacha kungoja kupona, lakini anaendelea na safari? Mchezo una kanuni ya kumchezesha mtu huyo. Sisi bado tunatafuta jina lake.